Mficha Uchi Hazai: Maoni juu ya Mshipa wa Vijana

Wazee wetu walisema, "Mficha uchi hazai." Methali hii twaisoma darasani, twaiandikia insha na kupewa alama, lakini nathubutu kusema kwamba hatujapata kuitazama maana yake iliyo wazi. Sisi huieleza kwamba mtu asiyesema shida yake hapati msaada, na maelezo hayo ni ya haki. Walakini kuna ugonjwa mmoja wa vijana wa kiume ambao kwao methali hii ni kweli neno kwa neno: auchaye kuusema huenda asizae. Huo ndio nitakao kuuandikia katika gazeti letu la muhula huu. Nawaomba wasomaji, wavulana kwa wasichana, wausome mpaka mwisho bila kucheka. Baada ya hapo atakaye kucheka na acheke.

Madaktari huuita ugonjwa huu varikosele. Ni kuvimba kwa mishipa myembamba ya damu iliyo juu ya korodani, ndani ya mfuko wake. Kwetu sisi wa Mbeya na Iringa watu husema tu "mshipa". Na hapo ndipo matata yanapoanzia, kwa sababu neno hilo moja limebebeshwa mzigo wa magonjwa matatu yasiyo na undugu.

La kwanza ni ngiri, yaani utumbo kupenya kwenye kinena na kushuka. La pili ni busha, yaani maji kujaa katika mfuko wa korodani. Ukiweka tochi nyuma yake gizani, mwanga hupita. La tatu ndilo hili letu: si utumbo wala si maji, bali ni damu iliyotuama. Kijana akiwa amesimama, kidole huhisi kitu laini kilichojikunjakunja kama nyungunyungu ndani ya mfuko; akilala chali, kitu hicho hunywea. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Basi mwuza dawa asimamaye stendi na kupiga kelele kwamba chupa yake moja yaponya "ngiri, mshipa na nguvu za kiume" atuambia mwenyewe kwamba hajui aponya nini.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi ugonjwa huu unavyotenda kazi, maana mtu aelewaye haogopi ovyo. Mwili wa mtu una joto la digrii 37. Mbegu za uzazi za mwanamume hazifanyiki vizuri katika joto hilo. Hutaka mahali penye digrii 2 mpaka 4 chini yake. Ndiyo maana korodani zimekaa nje ya tumbo. Damu inayoshuka huko ni ya moto, nayo damu inayorudi juu hupita katika mishipa mingi myembamba iliyouzunguka mshipa ule wa kushuka, ikaupoza. Ndani ya mishipa hiyo ya kurudi mna vilango vidogo vya kuzuia damu isishuke tena. Vilango hivyo vikiwa dhaifu, au kama havipo, damu hurudi nyuma, hutuama, na mishipa huvimba. Kazi ya kupoza huharibika, na korodani hukaa katika joto mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi.

Wala baridi yetu ya nyanda za juu haisaidii. Mtu aweza kukaa Kitulo asubuhi umande umeganda majanini, na joto hilo likawa pale pale, kwa kuwa latoka ndani wala si nje.

Labda mwenzangu atauliza: mbona karibu kila mara huwa upande wa kushoto? Katika watu 10 wenye ugonjwa huu, 9 hivi huwa nao kushoto. Aliyepata kuona mifereji ya mashamba ya mpunga huko Usangu atanielewa upesi. Mfereji uingiao katika mto kwa mshazari hutiririka vizuri. Ule uukutao mto kwa pembe mraba hujaa na kurudi nyuma. Mshipa wa korodani ya kulia huingia kwa mshazari katika mshipa mkubwa wa tumbo. Wa kushoto ni mrefu zaidi, nao hupanda mpaka kwenye mshipa wa figo na kuingia kwa pembe mraba. Basi wa kushoto ndio wenye taabu. Ikiwa uvimbe uko kulia peke yake, au haunywei mtu alalapo, yampasa aende hospitali bila kukawia, kwa kuwa pengine kuna kitu tumboni kinachoubana mshipa.

Ugonjwa huu ni nadra kabla ya mtoto kufika miaka 10. Huanza pamoja na kubalehe, hasa kati ya miaka 10 na 15, yaani wakati ule ule tunapotoka shule ya msingi na kuingia Kidato cha Kwanza. Hauui wala hauambukizi. Hautokani na zinaa. Si uchawi wa jirani, wala si adhabu ya dhambi ya siri kama wengine wanavyonong'ona bwenini. Gunia nalo silo lililouleta. Wakati wa likizo wengi wetu hupakia viazi Uyole na Isyonje, mbao Mafinga, au vitunguu na nyanya Ilula. Kijana mwenye mshipa huu akishinda amesimama na kubeba mizigo, jioni huhisi uzito na mvuto upande wa kushoto, na usiku akilala hupata nafuu. Hapo hudhani gunia ndilo lililomwumiza, kumbe gunia limemfichulia tu jambo lililokuwamo. Wengi hata uzito huo hawauhisi, na hao ndio wasiojijua kabisa.

Je, ni watu wangapi? Madaktari hukadiria kwamba katika kila wanaume 100, kama 15 wanao. Basi tukihesabu kwa kadirio hilo, katika bweni la vijana wakubwa 100, kama 15 hulala na jambo hili, kila mmoja akidhani yuko peke yake duniani. Nami nataka kusema kweli yote, si nusu: wengi wa hao watazaa bila shida yo yote. Lakini kwa wengine korodani ya kushoto hudumaa, mbegu hupungua, huwa legevu, au huwa na maumbo yasiyofaa. Katika mwaka wa 1992 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari za wanaume 9,034 waliokwenda kliniki za ndoa zisizo na watoto katika nchi nyingi. Kati ya wale ambao mbegu zao zilikuwa na kasoro, asilimia 25.4 walikuwa na mshipa huu. Kati ya wale ambao mbegu zao zilikuwa nzuri, ni asilimia 11.7 tu. Zaidi ya mara mbili! Hilo si jambo la kupuuzwa na mtu mwenye akili.

Tena si jambo lisilo na dawa. Daktari Tulloch wa Edinburgh, katika miaka ya mwanzo ya 1950, alieleza habari za mwanamume aliyekuwa hana mbegu hata moja. Alifungwa mishipa hiyo kwa upasuaji, mbegu zikarudi, na mkewe akapata mimba. Tangu hapo madaktari wa dunia nzima wameshughulika na jambo hili. Siku hizi mpasuaji hukata kidogo kinenani, huifunga mishipa mibovu, na damu hujitafutia njia nyingine iliyo nzima. Si kila afanyiwaye hufanikiwa; kwa wengine mshipa hurudi, au maji hujaa. Lakini kwa wengi mbegu huongezeka, na kwa vijana korodani iliyodumaa mara nyingi hukua ikaifikia nduguye. Mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa, basi mtu asitazamie mabadiliko kwa juma moja. Hupimwa baada ya miezi mitatu au zaidi.

Ikiwa mambo ni hayo, kwa nini vijana hawasemi? Hapa ndipo ninapotaka kutoa maoni yangu waziwazi. Mimi naona kwamba kinachowaumiza vijana wetu kuliko mshipa wenyewe ni kukosa mtu mzima wa kumwambia.

Tukumbuke desturi za nchi hii. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na vijiji vya marika. Mtoto wa kiume alipofika miaka 10 au 11 aliondoka nyumbani kwa babaye, akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake wa umri mmoja, na huko alikulia. Mama Monica Wilson aliandika habari hizo katika kitabu chake cha mwaka wa 1951. Kijana alijifunza mengi kwa wenzake, lakini mambo ya mwili wake hakuyapeleka kwa baba kwa sababu ya heshima. Sasa vijiji hivyo havipo tena. Lakini bweni ni nini, kama si kijiji cha marika? Humo tunaishi vijana kwa vijana. Tunaambiana mambo ambayo hakuna hata mmoja wetu ayajuaye. Wa Kidato cha Pili humfundisha wa Kidato cha Kwanza, na wote wawili hawajui.

Kijana mwenye uvimbe utamtambua kwa jambo moja: huoga kabla ya kengele ya alfajiri, wakati ambapo maji ya bomba ya nyanda hizi hukata mkono kwa baridi. Hafanyi hivyo kwa bidii ya usafi. Aogopa kuonekana na kupewa jina. Nanyi mwajua jinsi jina la bwenini linavyomshika mtu: laweza kumfuata mpaka siku ya harusi. Tunacheka dakika moja, naye anyamaza miaka kumi.

Na akienda likizo, aseme na nani? Baba hamwulizi mwanawe mambo hayo, wala mwana hamwambii baba. Mama humwonea aibu. Labda babu, kwa kuwa babu na mjukuu wana utani wao. Lakini babu naye ajua neno moja tu, "mshipa", na mshipa kwake ni chale za kinenani au mizizi ya kuchemsha. Wembe wa chale waweza kuleta ugonjwa mkubwa kuliko ule uliotakwa kuponywa, na kukanda kwa maji ya moto hakufai kitu kwa kiungo kinachotaka ubaridi.

Basi miaka hupita. Kijana humaliza shule, hupata kazi au shamba, huoa. Na hapa gharama ya ukimya wake yaanza kulipwa na mtu mwingine. Mwaka wa kwanza wapita bila mimba, na wa pili. Wakwe waanza kuulizana. Lugha yenyewe yaonyesha mawazo yetu yalipoegemea: neno "tasa" humwelekea mke mara moja, nalo "mgumba", ambalo laweza kumhusu mume pia, ni nani athubutuye kumwita mwanamume hivyo mbele ya ndugu zake? Mke hupelekwa hospitali, hupelekwa kwa waganga, hunyweshwa hiki na kile, na mwisho hurudishwa kwao au huletewa mke mwenzake. Mume hakupimwa hata siku moja. Husema, "Mimi nina nguvu zangu zote." Ni kweli anazo, lakini nguvu ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine. Mwenye mshipa huu aghalabu hana upungufu wa nguvu, na ndiyo sababu hajishuku.

Madaktari huhesabu miezi 12: mke na mume wakikaa pamoja muda huo bila kuzuia mimba na mimba isipatikane, yafaa wapimwe wote wawili. Nasema wote wawili, kwa kuwa karibu katika nusu ya ndoa za namna hiyo sababu iko kwa mume, peke yake au pamoja na mke. Kipimo chake cha kwanza ni chepesi kuliko vipimo vingi vya mke: mbegu zatiwa katika chombo na kutazamwa kwa hadubini. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka wa 2021 hutaja milioni 16 katika kila mililita kuwa kipimo cha chini. Dakika chache za mume katika chumba cha maabara zaweza kumwondolea mke miaka ya machozi. Enyi dada zetu msomao gazeti hili, siku mtu atakapowaambia kwamba ninyi ndio tasa, ulizeni swali moja kwa adabu: mume naye amepimwa?

Sasa nataka kutoa shauri langu kwa shule za serikali za mikoa hii, na nitalitaja kwa sehemu tatu.

La kwanza, somo la Bayolojia lisiishie kwenye picha ya korodani iliyo na mishale na majina. Twaweza kukariri majina yote na tusijue kwamba kiungo hicho kina magonjwa. Mwalimu atumie kipindi kimoja tu, akitaja varikosele, ngiri, busha, na kujisokota kwa korodani. Hili la mwisho ni la hatari kuliko yote: maumivu makali ya ghafla, hata usiku wa manane, yataka hospitali papo hapo, maana zikipita saa 6 hivi korodani yaweza kufa. Kijana asiyejua atangoja asubuhi kwa sababu ya aibu, na asubuhi itakuwa imechelewa.

La pili, tabibu aje shuleni mara moja kwa mwaka, awaone wavulana mmoja mmoja, faraghani, kwa atakaye kuonwa. Asiandike majina ubaoni, wala asiwaite kwa foleni ya kuvuana nguo.

La tatu, kila shule iwe na mwalimu mmoja wa kiume ajulikanaye kwamba mlango wake u wazi kwa mambo haya, na kwamba lisemwalo kwake halitoki.

Najua yatakayosemwa juu ya shauri hili. Wa kwanza atasema haya ni mambo ya nyumbani. Nimekwisha onyesha kwamba nyumbani hayasemwi, na pengine hayatasemwa kwa muda mrefu. Jambo lisilosemwa nyumbani wala shuleni litasemwa na mwuza dawa wa stendi. Wa pili atasema fedha hazipo. Namjibu kwamba kazi ya kwanza haitaki mashine. Yataka chumba chenye joto kidogo, mkono wa tabibu, na kijana aliyesimama akajikaza pumzi kama mtu ainuaye mzigo. Mshipa mdogo huhisiwa kwa kujikaza tu. Wa kati huhisiwa bila kujikaza. Mkubwa huonekana kwa macho.

Wa tatu ana neno zito zaidi. Atasema: "Ikiwa wengi huzaa bila shida, kwa nini kuwatisha watoto? Mtawapeleka wote kwenye kisu?" Hili ni swali la haki, na jibu lake ni hapana. Si kila mshipa hukatwa. Madaktari hutazama kama korodani ya kushoto imekuwa ndogo kuliko ya kulia kwa kiasi cha moja kwa tano au zaidi, kama pana maumivu yasiyokwisha, au, kwa mtu mzima, kama mbegu zina kasoro. Asiye na dalili hizo hupimwa tena mwaka hata mwaka, akaendelea na masomo na mpira wake. Kwa hiyo wengi wa watakaoonwa na tabibu watatoka wakiwa na furaha, maana wataambiwa, "Kijana, unacho, lakini hakijakudhuru." Je, maneno hayo si bora kuliko hofu ya miaka kumi? Kinachotisha ni kutojua.

Wala hatukai jangwani. Ziko zahanati na vituo vya afya. Ziko hospitali za wilaya. Mbeya mjini iko hospitali ya rufaa ya kanda, na Iringa mjini iko hospitali ya rufaa ya mkoa. Ziko pia hospitali za makanisa tuzijuazo tangu utoto, kama Tosamaganga, Ilula, Chimala na Igogwe. Njia ni ile ile kama ya ugonjwa mwingine wo wote: anza karibu na kwenu, na wakikuambia uende mbele, nenda. Mbele ya tabibu usiseme "tumbo lauma" kama wafanyavyo wengi, ukarudi na vidonge vya tumbo. Sema, "Daktari, nina uvimbe katika korodani ya kushoto." Ni maneno machache tu, naye ameyasikia mara nyingi, hatashangaa.

Kwenu wenzangu wa bwenini nina ombi moja ambalo halitaki fedha wala kibali cha mkuu wa shule. Mwenzetu akionekana bafuni ana uvimbe, tusimpe jina. Mwiteni kando mkamwambie ya kwamba jambo lake lina jina hospitalini, kwamba vijana wengi wanalo, na kwamba afadhali aonwe na tabibu mapema. Mvulana mmoja akiambiwa hivyo muhula huu, huenda mke mmoja asirudishwe kwao miaka kumi na mitano ijayo kwa kosa lisilo lake.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita